Imani, Mwenendo na Amri ya Nane: Uhakiki wa Kitabu cha Liisa Malkki

Iko kauli ambayo sisi wahubiri huitumia mara nyingi pasipo kuipima, nayo ni kwamba mtu asiye na dini hana maadili, na kwamba nchi ikijaa waumini itapungukiwa na wezi na wauaji. Kauli hiyo husikika katika mahafali na katika mazishi, na wanasiasa nao hawaisahau wanapopewa nafasi ya kusalimia usharika. Makala haya yanakusudia kuipima kwa kukihakiki kitabu kilichoandikwa juu ya watu wa nchi hii ya Mpanda, yaani Purity and Exile cha mwanaanthropolojia Liisa Malkki, kilichochapishwa Chicago mwaka 1995. Malkki hakukiandika ili kujibu swali la dini na maadili. Lakini sisi tunaohudumu Katumba, Litapunga na Mishamo hatuwezi kukisoma bila kulikuta swali hilo limesimama mbele yetu.

Msomaji asiyeijua historia ya maeneo haya yampasa kukumbushwa mambo machache. Mwezi wa Aprili 1972 uasi wa Wahutu ulizuka kusini mwa Burundi, na Watutsi wengi wakauawa katika sehemu za Rumonge na Nyanza-Lac. Serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa mauaji ya kupangwa dhidi ya Wahutu, hasa wale waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, na watumishi wa makanisa pia. Katika muda wa miezi michache walikufa watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 200,000, na wako wanaotaja idadi kubwa zaidi. Walioponyoka na kuingia Tanzania walipewa ardhi Ulyankulu mkoani Tabora, na katika Wilaya ya Mpanda ya wakati ule walipewa Katumba, kisha Mishamo kuanzia mwaka 1978. Kazi hiyo ilifanywa kwa ushirikiano wa pande tatu, yaani serikali ya Tanzania, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, na TCRS, ambalo liliundwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Kwa hiyo habari za Mishamo zinatuhusu sisi Walutheri tangu siku ile msitu ulipoanza kufyekwa.

Malkki alifanya utafiti wake katika miaka ya 1985 na 1986, akiwalinganisha wakimbizi wa makazi ya Mishamo na wenzao waliojitafutia maisha katika mji wa Kigoma. Watu wote hao walitoka katika nchi moja na walikimbia maafa yale yale, na wengi wao walikuwa Wakristo. Hata hivyo aliwakuta wakiwa na mioyo tofauti. Katika Mishamo watu walikuwa na simulizi moja kubwa, iliyosimuliwa kwa namna iliyokaribiana mno kutoka nyumba hadi nyumba. Ilieleza kwamba Mhutu ndiye mwenye nchi, kwamba Mtutsi ni mgeni aliyeingia kwa hila na kuiba utawala, kwamba mwaka 1972 uovu wake ulifunuliwa wazi, na kwamba uhamisho ni jaribu linalowatakasa watu ili siku moja warudi nyumbani wakiwa taifa safi. Katika Kigoma simulizi hiyo haikuwa na nguvu. Watu wa mjini walioana na Waha na Wamanyema, walibadili majina inapobidi, walifanya biashara, na wengi hawakuona haja ya kujitangaza kuwa Wahutu. Watu wa Mishamo nao waliwatazama hao wa mjini kama watu waliochafuka. Neno usafi katika jina la kitabu limetoka hapo.

Kwa mchungaji, jambo la kutisha katika maelezo haya ni kwamba simulizi ya Mishamo haikuwa ya watu wasio na maadili. Walikuwa wachapa kazi. Waliigeuza pori kuwa mashamba yaliyolisha watu wengi nje ya makazi yao. Waliheshimu ndoa, walichukia ulevi na uvivu, na waliamini kwamba mateso yana maana mbele za Mungu. Mwenye kuzijua habari za Israeli utumwani Misri na jangwani hawezi kukosa kuusikia mwangwi wa Kutoka katika masimulizi hayo. Ukiuliza kama imani iliwafanya wawe na mwenendo mwema, jibu la haki ni ndiyo, maana iliwapa nidhamu, subira na mshikamano. Lakini ndani ya nyumba hiyo hiyo ya maadili kulikuwa na chumba ambamo kabila zima lilikuwa limekwisha kuhukumiwa. Wema wa ndani ulipata sehemu ya nguvu zake katika ubaya uliopachikwa kwa walio nje. Sisemi kwamba machungu yao hayakuwa ya kweli. Mtu aliyeona baba yake akipakiwa katika lori hahitaji mhadhiri wa kumfundisha nani alimdhulumu. Nasema kwamba hatua ya kutoka kwa yule aliyemchukua baba yangu hadi kwa kila mtoto anayezaliwa katika kabila lake haikuzuiwa na imani, na pengine ilirahisishwa nayo, kwa kuwa imani iliipa simulizi lugha ya watu wateule.

Hapa Katekisimo Ndogo yatusaidia kuliko vitabu vingi vya sosholojia. Vijana wetu wa kipaimara huikariri amri ya nane, ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo, pamoja na maelezo ya Luther. Maelezo hayo hayaishii kwenye kukataza uongo. Yanadai tumtetee jirani, tumnene mema, na mambo yake tuyafasiri kwa namna iliyo njema kadiri inavyowezekana. Tumezoea kuifundisha amri hii kama kinga dhidi ya umbeya wa kisimani na barua zisizo na jina zinazofika kwa mkuu wa jimbo. Ni mara chache tunaifundisha kuwa inahusu ushuhuda juu ya watu wa kabila zima. Simulizi ya Mishamo, na simulizi pacha yake iliyosimuliwa na Watutsi wenye msimamo mkali huko Burundi, zote ni mashauri ya amri ya nane. Watu huanza kuivunja amri ya tano miaka mingi kabla ya panga kuinuliwa, pale ushuhuda wa uongo juu ya jirani unapokubaliwa mezani, shuleni, na hata katika mkutano wa maombi, bila mtu kukohoa.

Nisije nikaonekana kuwanyoshea kidole Warundi peke yao, yafaa kuitaja aibu ya nyumba yetu wenyewe. Mtu aliyeandika maelezo yale mazuri ya amri ya nane mwaka 1529 ndiye aliyeandika mwaka 1543 kitabu dhidi ya Wayahudi, akitaka masinagogi yao yachomwe moto na nyumba zao zibomolewe. Alikuwa mzee mgonjwa, husema wanaomtetea. Labda ndivyo. Lakini alikuwa pia mtu aliyeijua Injili kuliko wengi wetu tutakavyoijua, na ujuzi huo haukuuzuia mkono wake kuandika. Wanazi wa karne ya 20 waliyatumia maneno yake kwa furaha. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliyakataa rasmi maandiko hayo mwaka 1984 katika mkutano mkuu wa Budapest, miaka 441 baada ya kuandikwa. Mwanafunzi wa theolojia anayetaka kujua kama imani sahihi huzaa mwenendo mwema moja kwa moja na aanze na mfano huo.

Kitabu cha Malkki nacho kina mapungufu yake, na hapana budi kuyataja. La kwanza ni kwamba hakuna sura iliyotengwa kwa ajili ya makanisa. Dini inaonekana kama rangi iliyopakwa juu ya simulizi, huku mahali ambapo watu hao walikusanyika kila juma, wakaimba, wakabatiza na kuzika, hapachunguzwi kwa kadiri panavyostahili. La pili ni njia yake ya kuandika. Masimulizi ya watu wengi ameyaunganisha katika vipande vinavyowakilisha kauli ya wote. Njia hiyo inaonyesha vizuri jinsi simulizi ilivyokuwa moja, lakini inamficha mtu mmoja mmoja. Namtafuta katika kurasa hizo mama aliyesikia simulizi yote akatikisa kichwa, au mwinjilisti aliyekumbuka kwamba jirani yake Mtutsi ndiye aliyemficha, nami simpati. Katika kila jamii watu wa namna hiyo wapo, na kwa swali letu wao ndio ushahidi wenye thamani kubwa. La tatu, nahisi mwandishi anavutwa kuwapendelea watu wa Kigoma. Kutokuwa na ubaguzi kwao kulitokana kwa sehemu na haja ya kutotambulikana. Ni jambo jema kwa amani ya mtaa, lakini mtu anayeficha jina lake ili aishi hajafika bado mahali pa kumpenda adui.

Sehemu ya mwisho ya kitabu inageukia mauaji yaliyoikumba tena Burundi baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Kilichotokea mwaka uliofuata nchini Rwanda kinajulikana. Takriban watu tisa katika kila kumi nchini humo walikuwa wamebatizwa. Waliuawa makanisani, katika Ntarama na Nyarubuye na kwingineko, na baadhi ya watumishi wa madhabahu walihukumiwa na mahakama iliyoketi Arusha, mwendo mfupi kutoka Makumira. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana wa Kanisa la Waadventista alitiwa hatiani mwaka 2003. Padre Athanase Seromba, ambaye kanisa lake la Nyange lilibomolewa kwa matingatinga huku waliokimbilia humo wakiwa ndani, alipewa kifungo cha maisha na mahakama ya rufaa mwaka 2008.

Nimewasikia wahubiri wengi wakijibu haraka kwamba hao hawakuwa Wakristo wa kweli. Jibu hilo linapaswa kukataliwa darasani. Kama kila muumini anayetenda uovu anafutwa katika orodha ya waumini, na kila anayetenda wema anaachwa humo, basi tumeshinda hoja kwa kuiba kura. Tena ni jibu lisilo la Kilutheri. Ungamo la Augsburg linakiri waziwazi katika kifungu cha nane kwamba katika maisha haya wanafiki na waovu wamechanganyika na watakatifu ndani ya Kanisa. Kanisa lililo na magugu haliwezi kutamba kuwa shamba lake ni ngano tupu, kisha likipatikana gugu liseme halikuwa lake.

Jibu lenye manufaa zaidi limetolewa na Timothy Longman katika kitabu chake juu ya Ukristo na mauaji ya Rwanda, kilichotoka mwaka 2010. Longman alizichunguza sharika mbili za Kanisa la Presbiteri katika eneo la Kibuye, Kirinda na Biguhu. Kirinda ilikuwa misheni ya zamani yenye hospitali na shule, na viongozi wake walikuwa wameshikamana na wakubwa wa serikali. Ajira, heshima na upendeleo vilipitia mikononi mwao. Biguhu ilikuwa usharika wa watu maskini, ambao kazi yake iliwaunganisha wakulima wadogo wa makabila yote mawili kusaidiana. Mwaka 1994 wakubwa wa Kirinda walishiriki kuyaongoza mauaji, wakati Biguhu msukumo ulitoka zaidi kwa watu wa nje. Katekisimo ilikuwa moja, na mahubiri bila shaka yalifanana. Tofauti ilikuwa katika mambo ambayo sisi wachungaji huyaona ya utawala tu: nani anaketi karibu na nani, nani anamtegemea nani kwa mkate wake, na fedha za kanisa zinapita njia gani.

Wanasaikolojia nao wana jambo la kutuambia, ingawa ni dogo ukilinganisha na hayo. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton, Marekani. Kila mmoja alitumwa jengo lingine kutoa hotuba, na njiani alimkuta mtu ameinama mlangoni, akikohoa na kugumia. Baadhi yao walikuwa wanakwenda kuzungumza juu ya Msamaria Mwema. Kuwa na mfano huo kichwani hakukuleta tofauti ya maana, wala aina ya udini wao haikutabiri nani atasimama. Kilicholeta tofauti ni haraka: kati ya walioambiwa wana nafasi 63 katika kila mia walisaidia, na kati ya walioambiwa wamechelewa 10 tu. Wanafunzi wetu hulicheka jaribio hilo mpaka wanapokumbuka Jumapili yenye ibada tatu na pikipiki moja.

Je, tuhitimishe kwamba imani haina kazi? Hapana, maana ushahidi wa upande wa pili upo na ni mzito. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika katika mkoa huu huu wa Katavi, Adrian Atiman, mtu wa Afrika Magharibi aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani kisha akakombolewa na wamisionari Wakatoliki, alifika mwaka 1889 akiwa na elimu ya uganga aliyoipata Malta. Aliwatibu watu wa nchi hiyo, wa dini zote na wasio na dini, hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuwachukia binadamu aliwaosha vidonda kwa miaka 67. Na huko Burundi, alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, waasi waliingia katika seminari ndogo ya Buta wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Walikataa. Vijana 40 waliuawa.

Buta ni jibu kwa Mishamo, na ndiyo maana nalitaka kila darasa la maadili ya Kikristo likae nalo kwa muda mrefu. Vijana wale hawakupata ujasiri huo usiku ule. Tangu mwaka 1993, nchi ilipokuwa ikichinjana, gombera wao Zacharie Bukuru alikuwa amewakalisha pamoja wazungumze waziwazi juu ya yale ambayo kila upande ulisimuliwa nyumbani. Walisali pamoja, walicheza pamoja, na waliwasikiliza wenzao wakitaja hofu zao. Kwa maneno mengine, simulizi ya nyumbani ililetwa mezani ikapimwa mbele ya jirani mwenyewe aliyesimuliwa humo. Hilo ndilo Mishamo haikuwa nalo, kwa kuwa jirani huyo hakuwapo, na walimu wa imani, pamoja na shirika letu lililochimba visima na kujenga madarasa, hawakuwa wamelitwaa jambo hilo kuwa kazi yao. Sisemi hivi kuwalaumu waliofanya kazi ngumu ya mikono. Visima vilihitajika kwanza.

Kwa upande wa mafundisho, basi, kauli niliyoanza nayo yapaswa kuachwa. Mtume Paulo katika Warumi 2 anakubali kwamba watu wasio na torati huyatenda ya torati, na Ungamo la Augsburg katika kifungu cha 18 linafundisha kwamba mwanadamu, hata bila Roho Mtakatifu, anao uwezo kiasi fulani wa kutenda haki ya nje katika mambo ya dunia. Mlutheri anayehubiri kwamba asiyeamini hawezi kuwa jirani mwema anayapinga maungamo yake mwenyewe. Hata habari za Rwanda zatunyenyekeza hapa: wanahistoria wengi wameandika jinsi jumuiya ndogo ya Waislamu ilivyowahifadhi watu wa kabila lolote, ingawa hata kati yao walikuwapo waliokengeuka. Kifungu cha sita cha Ungamo, kwa upande mwingine, hakituruhusu kujificha nyuma ya neema, maana kinasema imani hiyo yapasa kuzaa matunda mema. Yapasa. Kifungu hakisemi kwamba matunda hayo yatatupa ushindi tukilinganishwa na watu wengine. Farisayo katika Luka 18 alilinganisha, na kulinganisha kwake ndiko kulikompoteza, japo hesabu zake za kufunga na zaka huenda zilikuwa sahihi kabisa.

Swali hili si la vitabuni tu kwa Litapunga ya leo. Serikali iliwakubalia uraia wakimbizi wa 1972 zaidi ya 160,000, na tangu mwaka 2014 wakaanza kupewa vyeti vyao. Huku Nsimbo watu hao huitwa raia wapya, jina la ajabu kidogo kwa mtu wa miaka arobaini aliyezaliwa hapa na asiyewahi kuiona Burundi. Wanaishi karibu na Wakonongo, Wabende na Wapimbwe waliokuwapo tangu zamani, na Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Jirani aliyekosekana Mishamo mwaka 1985 sasa yupo, ana shamba linalopakana, na ng'ombe wake wameingia katika mahindi. Nasikia tayari vipande vya simulizi mpya: kwamba hawa ni wavamizi, wale ni wachawi, wengine wanaharibu nchi kwa mifugo. Vipande hivyo husemwa na watu wanaokwenda ibadani kila Jumapili, tena wengine ni wazee wa usharika.

Pendekezo langu kwa wanafunzi wanaokwenda mafunzo ya vitendo katika maeneo haya ni kwamba wakae na darasa moja la kipaimara lenye vijana wa makabila hayo, wafikapo amri ya nane wawaombe kila mmoja aeleze yale anayosikia nyumbani kuhusu kabila la mwenzake aliyeketi kando yake, na wayaandike. Waandike hasa habari za wale ambao nyumbani kwao simulizi ilikataliwa, na ni nani aliyeikataa, bibi, baba au mwinjilisti, na kwa maneno gani. Malkki hakutuachia kumbukumbu hiyo, na wazee wa 1972 walio hai Katumba na Litapunga wanazidi kupungua kila mwaka.